Unahama jimbo baada ya rezidensi? USIRUDISHE leseni ya zamani (yamenikuta, Ohio kwenda Indiana)

Mkuu, weka kalamu chini. Umeandika kwamba unamaliza rezidensi ya tiba ya ndani (mafunzo ya ubingwa ya hapa Marekani) Texas mwezi wa sita, unaenda kuanza kazi Illinois, na "ili kuokoa hela" unataka kuiandikia bodi ya madaktari ya Texas ikufutie leseni. Usiitume hiyo barua. Kama umeshaiprinti, ichane. Nimesoma uzi wako saa tano usiku nikiwa zamu, tumbo likanikata, maana barua hiyo hiyo niliiandika mimi mwaka 2023 kwa akili zangu timamu, na chini nikaweka "asanteni kwa ushirikiano wenu". Ushirikiano!

Nilikuwa Ohio, tiba ya familia. Mwaka wa mwisho nilikuwa napiga deiwaka wikiendi kwenye kliniki moja nje ya programu, kwa hiyo nilikuwa na leseni kamili, siyo cheti cha mafunzo tu, na namba yangu mwenyewe ya DEA (shirika la serikali kuu la dawa) ya kuandikia dawa zinazodhibitiwa. Niliilipia dola 888 Oktoba 2022, inadumu miaka mitatu. Rezidenti wengi hawana hiyo, wanatumia namba ya hospitali ikiwa na viherufi vyao nyuma, na siku ya mwisho wanaiacha mlangoni pamoja na kitambulisho. Wewe umesema unayo ya kwako, ndiyo maana naandika kwa hasira.

Kazi nikapata Indiana, mwendo wa saa tatu kwa gari. Nikajiambia huu ni mteremko, ni kama kuhama Moro kwenda Dar. Kulikuwa na dada mmoja dalali wa ajira, sauti tamu kama ya mtangazaji wa salamu, ndiye aliyeniunganisha na kliniki. Nikamuuliza nifanye nini na makaratasi ya Ohio. Akajibu bila hata kupumua: daktari, funga kila kitu huko, uje huku ukiwa msafi. Nikafunga. Barua moja kwa bodi: narudisha leseni kwa hiari yangu. Nyingine kwa DEA: nimeacha kazi Ohio. Huyo dada hajawahi kuandika cheti cha dawa hata ya mafua, lakini nilimsikiliza mimi mwenye miaka yote ile ya shule. Kamisheni nadhani alishaila kabla sijafungasha masufuria.

Sasa sikiliza kilichonitoa damu. Namba ya DEA ni ya serikali kuu, lakini imekaa mgongoni mwa leseni ya jimbo. Jimbo likikutoa, au ukajitoa mwenyewe kama mimi, namba haina pa kukaa. Na ukiwaandikia kwamba umeacha kazi, usajili umekwisha hapo hapo. Ningetulia tu, ningeingia mtandaoni nikaomba kubadilisha anwani kutoka Ohio kwenda Indiana, na hiyo ni BURE. Hawatozi hata senti. Wanachoangalia ni kama jimbo jipya limekuruhusu. Namba yangu ilikuwa imetumika miezi minane, bado miaka miwili na zaidi ndani yake, nikaitupa, na ada yao hairudishwi. Nikaomba upya, 888 nyingine. Jumlisha: 1,776. Anayejua historia ya Marekani atacheka, ndio mwaka waliojitangazia uhuru. Mimi nilisherehekea wa kwangu kwa kula wali maharage mwezi mzima.

Na haikuishia kwenye hela. Indiana, ukishapata leseni ya udaktari, kuna kibali kingine cha jimbo cha dawa zinazodhibitiwa, na lazima kitangulie ndipo DEA wakupe namba. Ohio hakuna kitu hicho kwa daktari, kwa hiyo sikuwahi kukisikia. Dada wa sauti tamu naye hakukisikia, au alikisikia akaona si biashara yake. Texas walikuwa na chao, wakakifuta 2016. ILLINOIS WANACHO. Unaona unapoelekea? Unatoka pasipo na kibali kwenda penye kibali, njia ile ile niliyopita mimi.

Halafu nuksi juu ya nuksi: tarehe 27 Juni 2023 ilianza sheria ya masaa manane ya mafunzo ya uraibu kwa karibu kila anayeomba namba au kuihuisha. Nilipoomba upya Julai, wino wake haujakauka. Wenzangu waliobadilisha anwani tu waliendelea na maisha hadi muda wao wa kuhuisha ufike. Mimi nikakaa jikoni masaa manane nasikiliza video.

Wiki saba nimekaa kliniki bila namba. Wiki ya kwanza kaingia mzee mkulima wa mahindi, mkanda wa jeshi ulishapona lakini maumivu yamebaki. Ameishika shati kwa vidole viwili, ameivuta mbali na mbavu, maana kitambaa kikimgusa tu anaruka. Gabapentin alishapewa, ikamzungusha kichwa hadi akaanguka bandani. Nikaandika pregabalin. Watu tunasahau kwamba nayo imo kwenye orodha ya zinazodhibitiwa, daraja la tano, la chini kabisa, lakini imo. Kompyuta ikaweka mstari mwekundu: mwandishi hana namba ya DEA. Nikajaribu tena, kama vile ingenionea huruma. Ikabidi nitoke, nikagonge mlango wa mwenzangu, na yeye hawezi kuweka sahihi tu kwa niaba yangu, lazima amwone mgonjwa mwenyewe. Akaja, akauliza upya maswali yale yale, mzee akainua shati upya. Mwenzangu alipomaliza, mzee akanigeukia, kwa upole kabisa: kwani wewe bado mwanafunzi?

Ningependa kusema nilimjibu kitu cha maana. Nilisema "karibia".

Na bado kuna kovu la kudumu. Mwaka jana niliomba leseni ya Kentucky. Fomu inauliza: umewahi kurudisha leseni ya jimbo lolote kwa hiari? Kwa lugha ya bodi, kurudisha leseni ndicho wanachofanya watu waliochunguzwa wakaona bora wajitoe kabla hawajatolewa. Huwezi kujibu hapana, maana uongo kwenye fomu ni kosa kubwa kuliko ujinga. Najibu ndiyo, naambatanisha maelezo. Haki ya kulaza wagonjwa hospitalini, swali hilo hilo. Kampuni za bima, hilo hilo. Nina faili kwenye kompyuta linaitwa "barua ya aibu", nabadilisha tarehe tu.

Kwa hiyo leseni ya Texas inabaki hai mpaka uwe umeshika vitu vitatu mkononi: leseni ya Illinois, kibali cha Illinois cha dawa, na cheti cha DEA chenye anwani ya Illinois. Mimi naongeza cha nne: famasi iwe imepokea cheti chako cha kwanza cha dawa na mgonjwa ameondoka na dawa. Baada ya hapo iache imalize muda wake yenyewe, au waulize kama wana utaratibu wa kuiweka kando bila kutumika. Kufa kwa tarehe yake ni kitu kimoja, kuiua kwa barua ni kitu kingine. Anwani ya DEA nayo usiihamishe kabla ya zamu yako ya mwisho Texas, maana ikishahamia Illinois huandiki Texas. Ukitaka kuandika kote kuwili ni namba mbili, 888 mara mbili, karibu kwenye chama changu.

Mengine haraka. NPI, ile namba ya kukutambulisha kama mtoa huduma, haibadiliki maisha yote, unarekebisha anwani na fani tu, ndani ya siku 30. Ule mkataba wa majimbo wa kurahisisha leseni uliouliza unataka uwe umeshafaulu mtihani wa bodi ya fani yako, na mtihani wa tiba ya ndani ni Agosti, kwa hiyo kwa sasa pita njia ya kawaida. Nyaraka za chuo cha nyumbani zipitishe FCVS, wale wanaohakiki nyaraka za madaktari, wanazihifadhi, ili kila ukihama usianze tena kumpigia msajili wa chuo saa tisa usiku kwa saa za huku. Kama uko kwenye viza ya mafunzo ya J-1 na unatafuta msamaha wa sharti la kurudi nyumbani, leseni ndiyo ianze kabla ya yote, kwa sababu ombi la viza ya kazi ya H-1B litaihitaji.

Kulikuwa na swali la bima ya madai (mgonjwa akikushtaki) pia, la mwisho au la kabla ya mwisho, nimelisahau na pager inalia. Nitarudi. Wewe kwanza weka hapa picha ya hiyo barua ikiwa imechanwa.