Magunia Kumi na Mawili

Mwanangu Achieng,

Jana usiku uliniuliza: magunia 12 ya sukari hayaonekani godauni, bosi anataka uwakate mshahara vibarua wote wa shifti ile, nawe ndiyo kwanza mwezi wa pili wa umeneja. Ufanye nini? Nilisema nitakuandikia kwa kuwa kwenye simu ningelia.

Usimkate mtu. Hesabu kwanza.

Nilipokuwa nashika stoo kule Lunga Lunga, Nairobi, hujaanza shule, lori lilileta sukari nikaihesabu nimesimama chini: magunia ya mbele mara ya ubavuni mara ya kwenda juu. Nikatia sahihi. Mwisho wa mwezi yakapungua tisa. Kijana mmoja mpakiaji, ambaye jioni moja alionekana akitoka amechelewa, akafukuzwa, na barua niliiandika mimi. Lori lililofuata la muuzaji yuleyule nilipanda mwenyewe. Katikati ya shehena palikuwa na shimo la magunia tisa, limefunikwa kwa safu ya juu. Nilimtafuta yule kijana Mukuru kwa Njenga Jumapili mbili. Alikuwa ameshahama, na mkewe alikuwa mjamzito.

Kwa hiyo panda juu ya rundo, Achieng. Hamisha gunia moja moja hata ikichukua siku nzima, lori zikingoja nje zingoje. Kisha linganisha noti za kupokea mzigo na getipasi, yaani vibali vya kutoa mzigo getini, za mwezi huo. Angalia na pembeni, pale panapotupwa mzigo uliorudishwa na wateja na magunia yaliyopasuka. Mara nyingi huwa havijaingizwa kwenye kompyuta. Na waulize wale wazee wa kupakia, kwa heshima, chai ikiwepo. Wanajua kila kona ya godauni hilo kuliko wewe na bosi wako.

Bosi akisisitiza, mfungulie Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19. Mfanyakazi hukatwa kwa mali iliyopotea ikiwa ameipoteza kwa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Shifti nzima haiwezi kukatwa kwa kukisia tu. Mwambie hivyo kwa upole, halafu umwandikie, ubaki na nakala.

Ukigundua kosa ni la hesabu yako, sema siku hiyohiyo, mbele ya hao vibarua.

Ukimaliza kuhesabu nipigie, hata kama ni saa nane ya usiku.

Mama yako