Mama naye aingie chuoni

Nilisoma El Paso, Texas, mji unaopakana na Ciudad Juárez ya Mexico, mto tu katikati. Wanafunzi wenye asili ya Mexico ndio wengi pale, na wapo wanaovuka daraja la mpakani alfajiri ili wawahi kipindi. Ndugu yangu unayeanza chuo Marekani, hasa kama ndiye wa kwanza kwenu kufika huko, waige jambo moja: wanasoma pamoja na familia.

Wapo watakaokushauri uhame nyumbani na uachane na mambo ya ukoo hadi umalize. Mimi sikubaliani nao. Binti mmoja wa darasa letu alikuwa akiuza dukani jioni, anachangia kodi ya nyumba, na bibi yake akiwa na miadi ya kliniki yeye ndiye anayemtafsiria daktari Kiingereza. Kwake hayo hayakuwa kikwazo cha masomo. Ndiyo yaliyomfanya asome, maana shahada ile ilikuwa ya nyumba nzima.

Tatizo ni kwamba wengi wao hubeba yote kimyakimya. Mwalimu anaona mtu hayupo darasani, anamhesabu mvivu. Kwa hiyo nenda ofisini kwa profesa wiki ya kwanza, mambo yakiwa bado shwari, umweleze majukumu yako. Ametenga saa za kuonana na wanafunzi. Huko si kuomba huruma.

Halafu kuna FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ambayo kwa wengi hudai taarifa za kipato cha wazazi. Usiijaze peke yako chumbani. Keti na baba mezani, mfafanulie kwamba Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, kwa kawaida hairudishwi, lakini mkopo utalipwa pamoja na riba. Mzazi aliyeiona bili ya muhula kwa macho yake hatanuna ukimwambia mwezi huu huna cha kutuma.

Uliza pia kama chuo chako ni HSI (Hispanic-Serving Institution), yaani chuo ambacho angalau robo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ni Walatino, watu wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Sheria ya 1992 ndiyo iliyovitambua. Nilikosoma mimi, masomo ya ziada yalikuwa wazi kwa kila mwanafunzi, nasi Waafrika tukiwemo.

Na mama usimngojeshe hadi siku ya joho. Mpeleke mapema, aione maktaba, ajue unakula wapi, asalimiane na mwalimu wako hata mmoja. Akipiga simu usiku atakuulizia mtihani.