"Borrow me" inatoka kwenye jembe la jirani

Maswali ya wiki hii karibu yote yamekuja juu ya maneno mawili ya Kiingereza, "borrow" na "lend". Nimechagua yale yanayofika mbali kidogo kuliko kamusi.

Msomaji wa Uyole anaandika: "Mwalimu, naomba tofauti ya 'borrow' na 'lend', kwa kifupi."

"Borrow" ni kuchukua cha mwenzako kwa ahadi ya kurudisha. "Lend" ni kumpa mwenzako kilicho chako kwa ahadi ya kurudishiwa. Swali hili nimelijibu mara nyingi hapa, na wanaolirudia ni wale wasiosoma majibu ya wenzao. Safari hii chukua kalamu, uliandike jibu kwenye daftari.

Kijana wa Mafinga: "Kwenye usaili wa kazi niliomba kalamu nikasema 'Can you borrow me your pen?' Wote wakacheka. Nimekosea wapi, wakati kwa Kiswahili nilifikiri vizuri tu?"

Ulifikiri vizuri, kijana wangu, na kosa lenyewe limezaliwa na Kiswahili chako kizuri. Ukisimama uani kwa jirani utasema "niazime jembe", naye ndiye anayetoa. Ukirudi nyumbani utasema "nimeazima jembe kwa jirani", na hapo wewe ndiye uliyepokea. Kitenzi ni kile kile, kinaenda na kurudi. Kinachotuonyesha nani katoa na nani kapokea ni ile "ni" ya "niazime", inayomtaja anayepewa, na ile "kwa" ya "kwa jirani". Basi ukihamia Kiingereza unatafuta neno moja la kufanya kazi zote mbili, unaliokota la kwanza ulilofundishwa, nalo ni "borrow". Kiingereza hakina neno la namna hiyo hapo. Mpokeaji ana lake, mtoaji ana lake.

Dawa unayo mdomoni tayari. Achana na kuazima, shika kukopa. Hakuna mtu Mafinga nzima anayeingia dukani akasema "nikope sukari nusu kilo". Atasema "nikopeshe". Mwenye duka akisikia "nikope" atakushangaa, na vivyo hivyo Mwingereza hushangaa akisikia "borrow me". Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kabla hujafungua mdomo, jiulize kimoyomoyo: hapa ningesema nikope au nikopeshe? Nimewafundisha hivyo vijana wengi wa kidato cha pili, na inawakaa kuliko kanuni yoyote ya ubaoni.

Angalia na ile "kwa". Sisi tunakopa kwa mtu na tunapeleka kwa mtu, "kwa" moja inatosha. Kiingereza kinataka "borrow from" na "lend to". Anayesema "I borrowed to my neighbour" ametoka kwenye "kwa" hiyo hiyo.

Kuna jambo hukuliuliza lakini nitalisema. Kiswahili kinatenganisha kitu ambacho "borrow" inakichanganya. Unaazima jembe, ngazi, sufuria ya shughuli, maana kitakachorudi ni kile kile, na mpini ukivunjika mwenyewe atauona. Unakopa sukari, unga au fedha, maana ile uliyochukua italiwa na utarudisha nyingine. Mtu akisema "nimeazima elfu ishirini", najua amekwisha kuipoteza tofauti hiyo, na inaniuma, kwa sababu wazee wetu waliiweka kwa akili. Kwa hiyo asije mtu akakwambia umekosea kwa kuwa Kiswahili ni maskini. Wajerumani nao wana "leihen" inayokwenda na kurudi kama kuazima kwetu, na Wanorwei wana "låne". Watoto wao hukosea Kiingereza pale pale unapokosea wewe.

Na waliokucheka wamekosa adabu. Kama kazi yenyewe ilihitaji Kiingereza, wangekusahihisha kwa neno moja na kuendelea. Kama haikuhitaji, walikuwa wanakupima kwa rula isiyo yako.

Msomaji wa Sokomatola: "Mbona nimemsikia Mmarekani akisema 'borrow me'?"

Inawezekana kabisa. Majimbo ya kaskazini ya kati, kama Minnesota na Wisconsin, yalipokea wahamiaji wengi wa Kijerumani na wa Skandinavia, na katika mazungumzo ya huko "borrow me" husikika hadi leo. Ni lugha ya nyumbani kwao. Kwenye mtihani wa kidato cha nne usiiandike.

Tukuyu: "Wakati uliopita wa 'lend' ni 'lended'?"

Ni "lent". Ikianza kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, "Lent" ni Kwaresima.

Mama mfanyabiashara wa viazi, Mwanjelwa, ameniletea swali lake mkononi: "Nilikopa fedha za kuongeza mtaji. Karatasi ni ya Kiingereza. Mwanangu wa sekondari aliniambia 'lender' ni mimi niliyekopa. Sasa wamekuja kuchukua friji. Karatasi inasemaje?"

Mama aliifungua karatasi kutoka kwenye pindo la khanga, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Chini pana dole gumba la wino wa bluu na sahihi ya shahidi. Katikati pameandikwa kwamba "the lender" anaweza kuchukua mali iliyowekwa dhamana bila kutoa taarifa. Mtoto alimsomea hivi: wewe, mama, unaweza kuichukua mali yako wakati wowote. Mama akaweka dole akiwa na amani.

Mama yangu, "lender" ni aliyekupa fedha. Wewe ni "borrower". Mtoto hakukudanganya. Amefundishwa kwamba yote mawili ni kuazima, akachagua upande mmoja, na upande huo haukuwa wake. Hii ndiyo sababu sichoki na maneno haya mawili, hata nikiambiwa ninarudia. Kwenye usaili ukiyachanganya utachekwa. Kwenye karatasi ya mkopo friji linatoka mlangoni.

Ya friji, fanya hivi. Nenda na karatasi kwa msaidizi wa kisheria au ofisi ya kata kabla hujakubali kusaini kingine chochote. Uliza leseni ya aliyekukopesha. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni na watu binafsi wanaofanya biashara ya kukopesha wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na mwenye nayo hatasita kukuonyesha. Hawa tunaowaita kausha damu wengi wao wanategemea haraka yako na aibu yako.

Na nyote mnaosoma: msiweke dole kwenye karatasi msiyoielewa, hata kama mtoto wenu anaongoza darasani. Dai nakala ya Kiswahili. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu anaweza kumhukumu mtu kwa Kiswahili, sioni kwa nini muuza viazi wa Mwanjelwa aandikiwe mkopo wake kwa lugha asiyoijua. Anayekataa kukuandikia kwa Kiswahili ana lake jambo, ondoka.

Mzazi wa Iringa: "Mwanangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Nimeacha kuongea naye Kiswahili nyumbani ili asichanganye maneno kama hayo. Nafanya vizuri?"

Hapana. Umesoma juu hapo jinsi kukopa na kukopesha vinavyomfungulia mtu "borrow" na "lend". Vivyo hivyo anayejua kujifunza na kufundisha hatasema "learn me", na anayetenganisha kuiba na kuibia yuko nusu ya njia ya kutenganisha "steal" na "rob": mwizi anaiba fedha, anamwibia mtu. Ukimnyima mtoto Kiswahili unamnyima ngazi, halafu unamtaka apande. Ongea naye Kiswahili kilichonyooka, na kama bibi yake anajua Kihehe, mwache bibi aongee Kihehe. Kiingereza ataletewa na shule, ndiyo kazi unayoilipia ada.

Mwenye nyumba, Soweto hapa Mbeya: "Nimepaka ukutani 'House for hire'. Rafiki anasema ni kosa. Na 'rent' ni ya mwenye nyumba au ya mpangaji?"

Rafiki yako yuko sawa. "Hire" kwa Waingereza ni ya kitu cha muda mfupi, kama turubai na viti vya harusi au gari la siku moja. Nyumba ni "for rent" au "to let". Na hapa mambo yanageuka, kwa sababu sasa Kiingereza ndicho chenye neno linalokwenda na kurudi: "rent" ni kupanga na ni kupangisha pia, mpaka uongeze "from" kwa mpangaji au "out" kwa mwenye nyumba. Kiswahili hakina utata huo. Mpangaji anapanga, wewe unapangisha. Kwa hiyo futa ukuta wote, andika "Nyumba inapangishwa" na namba ya simu. Wapangaji unaowatafuta wanapita hapo na bajaji wakitokea Kabwe, nao husoma Kiswahili.