Re: Nimetoka gereza la Karanga, nani ataniajiri hapa Moshi?

Pole na karibu uraiani, mdogo wangu. Umesema ulifungwa kwa wizi wa dukani, ukajifunza kushona viatu kiwandani pale gerezani, na kila ukienda kuomba kazi wanataka cheti cha polisi cha tabia njema. Kwa sasa achana na kampuni za ulinzi na mabenki, utachoka bure.

Ujuzi unao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunza nje ya darasa na kuwapa cheti. Nenda kaulize ratiba na ada. Huku ukisubiri, tafuta fundi viatu pale soko la Memorial akupe kona, mlipane kwa kazi. Fundi mkongwe ataangalia mshono wako kwanza. Mengine ataulizia baadaye, na atauliza tu, Moshi ndogo hii! Mwambie mwenyewe kabla hajasikia kijiweni: kosa gani, lini, umetoka lini. Sentensi mbili, usijieleze sana.

Pia jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Barua yake utaihitaji, hata mkijiunga kikundi cha vijana kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani.