Mwanangu, mgonjwa hashindiliwi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama tumkubalie mjomba wako, bibi yako awekewe mpira wa puani wa kumlishia, kwa kuwa siku hizi anageuza uso akiona kijiko. Ngoja kwanza nikwambie anavyokula, maana huko Dar mnadhani hali kabisa.

Anakula. Asubuhi uji mzito wa uwele, vijiko vya kuhesabu, mchana mlenda. Maji matupu yanampalia, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, lakini mlenda unateleza wenyewe. Namkalisha wima, mto mgongoni, nampa nusu kijiko, nasubiri nione koo limepanda likashuka. Mara nyingine tonge linakaa shavuni, amelisahau. Namwambia, "Meza mama," anameza. Akifumba mdomo, naweka bakuli chini. Mgonjwa hashindiliwi.

Usidhani tumekaa tu. Hospitali walimwangalia mdomo kama una fangasi, meno, mkojo, malaria, hata dawa anazomeza. Wakakuta choo kimefunga. Kilipofunguka akala vizuri kidogo, halafu akarudi palepale. Daktari akasema huu ugonjwa wa kusahau ukifika mwisho hata kumeza kunapotea, na mwili wenyewe unapunguza kudai chakula. Mpira, alisema, kwa mgonjwa wa hatua hii haujaonekana kumwongezea siku wala kumkinga na nimonia, na wengi huuchomoa mpaka inabidi wafungwe mikono. Bibi yako afungwe mikono! Yule aliyekuwa hakubali hata kushikwa mkono kuvushwa barabara.

Wewe unaogopa njaa, mimi naogopa maneno. Babu yako alipokuwa mahututi ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Shangazi yangu alitoka Kongwa na sufuria lake la uji, akaniambia nimekaa kama mgeni. Akamshika baba taya, akamimina. Uji ukamwendea vibaya, ukatokea puani. Usiku ule kifua kikaanza kukoroma, na hakikuacha. Halafu msibani, chini ya turubai, mimi nagawa chai, namsikia anawaambia wanawake wenzake: "Nyumba ina ng'ombe, mtu amekufa kwa njaa." Chai ikanimwagikia mkononi. Hakuna aliyemjibu, hata mjomba wako, naye alikuwepo chumbani na aliona yote.

Lakini shangazi naye, nikimfikiria vizuri, wazazi wake waliipita Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyomaliza watu Ugogo. Amekua akisimuliwa watu walioanguka njiani. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba kuna kutokula kusiko njaa? Simlaumu. Hapana, namlaumu, taya la mtu halishikwi vile. Mgonjwa hashindiliwi.

Ndiyo maana mjomba wako anaposema mpira, mimi nasikia turubai. Anataka siku ile itakapofika asiwepo wa kusema hatukufanya kitu. Hata mimi usiku najiuliza: kama ana njaa na amesahau namna ya kusema? Asubuhi nampangusa midomo kwa kitambaa chenye maji, nampaka mafuta, ananitazama, ananiita dada. Uso wake haulalamiki. Basi natulia, mpaka jioni.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Ningekuwa peke yangu ungekuwa umeshalijua jibu, na nadhani umeshalijua. Ila huyu ni mama yetu wote, siwezi kumwamulia kaka yangu kwa simu. Nimemwambia aje amlishe siku nzima yeye mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, ndipo tukae kikao. Amesema Jumapili. Panda SGR ya Jumamosi nawe uwepo, na yale maziwa ya kopo ya bei mbaya usinunue, hayataki. Leta ndizi mbivu zilizolainika kabisa. Juzi alikula karibu nzima.

Mama yako