Kabla Hujaandaa Shindano la Watoto la Sanaa ya Jadi: Niliyojifunza Pune

Nilipokuwa nikiishi Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, ambako mume wangu alikuwa akisoma, nilijitolea kufundisha uchoraji kila Jumamosi katika shule moja ya msingi iliyokuwa jirani na nyumba tuliyopanga. Haukupita muda uongozi ukaniomba nisaidie kuandaa shindano la watoto la sanaa ya Warli, kwa nia njema ya kuifufua sanaa ya jimbo lao wenyewe. Nimeshiriki kuliandaa mara tatu. La kwanza lilituharibikia, na mengi ninayowashauri hapa walimu na wazazi yametokana na kuharibika huko.

Wawarli ni jamii ya wakulima waishio kaskazini mwa Mumbai, hasa katika wilaya ya Palghar, sehemu za Dahanu na Jawhar. Nyumba zao za asili ni za fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, na kuta hupakwa udongo mwekundu uitwao geru. Juu ya wekundu huo huchorwa kwa uji mweupe wa mchele uliosagwa na kutiwa gundi ya mti, na brashi yenyewe ni kijiti cha mwanzi kilichotafunwa ncha, kama tufanyavyo mswaki wa mti kwetu. Maumbo ni machache: duara, pembetatu na mraba. Mwili wa mtu ni pembetatu mbili zilizokutana kwenye ncha. Ukiitazama juu juu utadhani ni sanaa ambayo mtoto yeyote anaweza kuimudu kwa saa moja, na hapo ndipo tulipojikwaa.

Tuligawa karatasi nyeusi na kalamu nyeupe za dukani, tukatoa saa mbili, na mada tukaiita "Sanaa ya Warli" bila kuongeza neno. Zilikusanywa karatasi sitini na kitu, na zaidi ya nusu zilikuwa na picha ileile: wachezaji walioshikana viunoni, wakijiviringa mfano wa konokono kumzunguka mpigaji wa tarpa, ala ya kupuliza inayotengenezwa kwa kibuyu. Watoto walikuwa wameinakili kutoka kwenye simu za wazazi, na wengine walikuwa wameikariri kwa majuma kadhaa katika masomo ya ziada ya kulipia. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tumeona mambo ya namna hiyo kwa Tingatinga, twiga yuleyule akirudiwa mbao hadi mbao. Majaji, nami nikiwamo, tulimpa ushindi mvulana aliyechora kwa usafi kuliko wote. Baada ya zawadi nilimuuliza mvulana huyo yule mtu wa katikati ya picha ameshika nini. Akanijibu kwa adabu, "Ni pambo, mwalimu."

Mtoto yule hakuwa na kosa lolote, kwa sababu alitenda kile hasa tulichokipima. Nchini India mashindano ya uchoraji yana uzito mkubwa. Mchora katuni K. Shankar Pillai aliyaanzisha ya watoto mwaka 1949, na mwaka uliofuata yakafunguliwa kwa watoto wa mataifa mengine. Tangu mwaka 2015 serikali nayo inaendesha tamasha la sanaa liitwalo Kala Utsav kwa wanafunzi wa sekondari, ambako sanaa za jadi zina nafasi yake. Mzazi wa Kihindi husoma masharti ya shindano kwa makini kama asomavyo muhtasari wa mtihani. Masharti yakidai usafi wa mistari, mtoto atanolewa usafi wa mistari, na hakuna atakayempeleka kwa bibi yake kuuliza picha ile ina maana gani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba muda mwingi wa maandalizi uende kwenye kuandika masharti, hata ikibidi bango la ukumbini lichelewe.

Ushauri wa pili ni kumtafuta mjuzi kabla ya kumtafuta mfadhili. Katika eneo la Mithila, jimboni Bihar, wanawake walikuwa wakichora ndani ya nyumba zao, hasa katika chumba cha maharusi, bila watu wa nje kujua. Tetemeko la mwaka 1934 lilipobomoa nyumba, ofisa wa Kiingereza William Archer aliyekwenda kukagua hasara akaziona picha hizo kwenye kuta za ndani zilizobaki wazi. Ukame ulipolikumba eneo hilo katika miaka ya 1966 na 1967, bodi ya serikali ya kazi za mikono iliwapelekea wanawake hao karatasi ili wachore, wauze na wapate chakula. Karatasi haikuwafundisha kuchora. Ujuzi walikuwa nao tayari. Shindano la watoto lisilo na mtu wa namna hiyo ukumbini ni mashindano ya kunakili tu, hata likiitwa la ufufuo.

Mwaka wa pili, basi, tulimwalika mchoraji wa Kiwarli, mzee kutoka upande wa Dahanu, akae nasi Jumamosi nne. Uongozi ulitaka kumshukuru kwa shali na nazi, kama ilivyo desturi ya kumheshimu mgeni Maharashtra. Nilishikilia kwamba alipwe kwa siku kama mwalimu mwingine yeyote, na shali aongezewe. Kuhusu hili sina mjadala: kama fedha hazitoshi, punguza vikombe na medali.

Mzee alianza kwa kutuondolea mada. Tulikuwa tumepanga "Harusi ya Kiwarli", yeye akaeleza kwamba chauk, yaani ule mraba unaochorwa harusini ukiwa na mungu wa kike Palaghat ndani yake, ni kazi ya wanawake walioolewa na ni ibada, si jambo la kutafutia alama. Tuliifuta siku hiyohiyo, nami nashauri kila mwandaaji aulize mapema ni picha gani zisizoguswa. Kisha akazikataa penseli na vifutio. Watoto walisaga mchele wenyewe, wakatafuna vijiti vya mwanzi, wakachafua sare kwa geru (wajulishe wazazi mapema, kwani geru haitoki kirahisi), na wakaambiwa wachore walichokiona asubuhi ile njiani. Yakatokea malori ya maji, mbwa wa mtaani, pikipiki iliyobeba familia ya watu wanne, na maandamano ya sikukuu ya Ganesh, mungu wa Kihindu, yote kwa pembetatu na duara. Hakuna karatasi mbili zilizofanana.

Nusu ya alama tuliitenga kwa masimulizi: mtoto anasimama kando ya picha yake na kuieleza kwa lugha yoyote aitakayo. Si jambo nililolibuni, kwani huko Bengal wachoraji wa kijiji cha Naya huikunjua picha ndefu sehemu baada ya sehemu huku wakiiimba. Sharti hilo lilimaliza pia tatizo la picha zilizochorwa na akina mama, maana mama hawezi kusimulia kwa niaba ya mwanawe mbele ya majaji.

Kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa kibarua wa ujenzi aliyehamia kutoka Bihar, ambaye kwa kawaida hakusema kitu darasani. Yeye aliiacha karatasi, akachovya vidole kwenye uji wa mchele na kuchora sakafuni aripan, nakshi ambazo bibi yake huzichora uani siku za sikukuu. Wenzake walisimama kimya kumtazama. Kwa masharti yetu ya mwaka wa kwanza angetolewa nje ya shindano. Mwaka wa tatu mama yake, ambaye hadi hapo aliitwa shuleni kwa ajili ya ada tu, alikuja kufundisha Jumamosi mbili, kwa malipo. Niliwasimulia watoto habari za Dulari Devi, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa mchoraji Mahasundari Devi, akajifunza humo, na mwaka 2021 akatunukiwa nishani ya Padma Shri.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Usichanganye Warli na sanaa nyingine za jadi za India, kama Madhubani (ndiyo ile ya Mithila), Gond na Pattachitra, katika siku moja, kwa sababu watoto hutoka na mapambo ya kila mahali bila kuelewa hata moja. Picha za uji wa mchele huliwa na mende, kwa hiyo zitundikwe, zisirundikwe kabatini. Na washindane kwa makundi, kwani hata ukuta wa chauk huchorwa na wanawake kadhaa. Hapo nilishindwa nusu: wazazi walidai cheti chenye jina la mtoto mmoja, tukaishia kutoa vyeti vya aina zote mbili.

Kazi za mwaka wa tatu zilichorwa kwenye ukuta wa nje wa shule. Mvua za Juni zilipokuja, upande usio na paa ukaanza kufutika, na watoto wa darasa la tatu wakanijia kuuliza ni nani atakayepaka geru upya. Niliwaambia Jumamosi waje na mchele.