Gemu kubwa inaisha baada ya muda gani? Hesabu yangu kutoka Mikindani

Mpwa wangu alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, na wiki iliyofuata akashuka Mikindani na begi la nguo na swali moja: "Mjomba, ile gemu yako ya muwinda madubwana inachukua muda gani kuisha?" Alikuwa anaizungumzia The Witcher 3: Wild Hunt, ya studio ya CD Projekt Red ya Poland, iliyotoka Mei 2015. Nikamjibu harakaharaka, "Saa mia," nikaondoka kwenda ghalani. Novemba kwa karani wa korosho si mwezi wa maongezi, magari yanashusha magunia mpaka usiku. Jibu lile halikumsaidia kitu. Haya ninayoandika ndiyo ningemwambia kama siku ile ningepata nusu saa ya kukaa naye barazani.

Tuanze na saa zenyewe. Wachezaji wengi wamekuwa wakiandika muda wao, na wastani unaeleweka. The Witcher 3 ukifuata hadithi kuu peke yake ni kama saa 50. Ukichanganya na kazi za pembeni zile nzuri, inafika 100. Ukitaka kila pango na kila sanduku, unavuka 170. Skyrim ya mwaka 2011, kutoka Bethesda ya Marekani, ina hadithi kuu fupi kuliko watu wanavyodhani, kama saa 35 hivi, lakini ukitaka kuimaliza yote huwezi kabisa, kwa sababu gemu yenyewe inaendelea kukutungia kazi mpya ndogondogo: nenda pango hili, ua jambazi yule, leta kitu fulani. Hazina mwisho. Elden Ring ya FromSoftware ya Japani, iliyotoka Februari 2022, ni kama saa 60 kwa hadithi kuu na zaidi ya 130 kwa anayetaka vyote. Hapohapo wapo mabingwa wa kukimbizana na muda ambao wameimaliza Elden Ring chini ya dakika 10, kwa kupenya kwenye kasoro za gemu yenyewe. Gemu ni ileile moja. Kwa hiyo mtu akikutajia saa, muulize kwanza neno "kumaliza" kwake lina maana gani.

Halafu weka hesabu kwenye wiki yako. Mimi nina mke, watoto wawili na kazi inayoanza saa moja asubuhi. Baada ya isha na chakula, watoto wakishalala, napata saa moja na nusu, siku nne kwa wiki. Jumla saa 6. Saa 50 zinanichukua wiki 8 na ushee. Saa 100 ni wiki 17, yaani miezi minne. Saa 170 ni wiki 28, na hapo sijatoa Ramadhani, sijatoa safari za Newala kupulizia salfa kwenye mikorosho ya mama isishambuliwe na ubwiriunga, sijatoa mtoto kuumwa. The Witcher 3 niliianza mwishoni mwa Januari, minada ya korosho ilipokwisha, nikaimaliza wiki ya mwisho ya Septemba, kabla magunia ya msimu mpya hayajaanza kuingia. Daftari langu, ambalo niliandika saa zangu kila usiku kama ninavyoandika kilo za watu, linasema saa 121.

Kuhusu usiku mmojammoja nina msimamo: chini ya saa moja usiwashe. Dakika kumi za kwanza unakumbuka ulikuwa wapi, kumi za mwisho unatafuta mahali pazuri pa kuishia, katikati hakuna kilichobaki. Ni heri siku mbili za saa mbilimbili kuliko siku saba za nusu saa. Na ukijua utasafiri, andika mistari mitatu kabla ya kuzima: uko mji gani, unamtafuta nani, na ulikuwa umepanga kufanya nini. The Witcher 3 inapofunguka hukusimulia kwa kifupi hadithi ilipofikia, na hilo linasaidia sana, ila haiwezi kukukumbusha mipango iliyokuwa kichwani mwako. Niliporudi kutoka Newala baada ya wiki mbili, usiku mzima wa kwanza ulikwenda kwa kusoma orodha ya kazi na kuuliza majina.

Umeme nao uuwekee hesabu. Huku kwetu unaweza kuondoka bila kupiga hodi. Mwezi wa Machi ulikatika wakati gemu inajisevu yenyewe, faili likaharibika, na faili langu jingine lilikuwa la siku tatu nyuma. Saa 5 zikapotea, na kwa mtu wa saa 6 kwa wiki, hiyo ni karibu wiki nzima ya maisha yake. Tangu hapo nasevu kwa mkono mwangu kwenye nafasi tatu tofauti, kwa zamu: leo ya kwanza, kesho ya pili, keshokutwa ya tatu. Wenye mashine ya PS4 mnaweza pia kunakili faili za sevu kwenye flashi, na ninashauri mfanye hivyo kila Jumapili. Elden Ring haikupi nafasi ya kuchagua, inajisevu yenyewe muda wote, kwa hiyo huko toka kwa kupitia menyu kila mara, usizime mashine ghafla.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, kwa sababu hapa ndipo penye jambo.

Yeye hakuwa na kazi wala mke. Alicheza mchana mimi nikiwa ghalani, na usiku nikirudi namkuta bado ameshika padi. Siku ya kumi na sita alinipigia simu kazini, sauti imeshuka: "Mjomba, imeisha. Lakini imeisha vibaya." Alikuwa ametumia saa 43. Nilipokaa naye jioni anisimulie, niligundua kwamba mazungumzo karibu yote aliyapita kwa kubonyeza kitufe. Kiingereza kinamchosha, maandishi ya chini yanapita haraka, na alikuwa na hamu ya kufika kwenye mapigano. Simlaumu. Lakini mwisho wa gemu ile hauamuliwi na upanga. Geralt, yule muwinda madubwana, anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama binti yake. Namna hadithi inavyomwishia Ciri inategemea nyakati chache ambazo Geralt anazungumza naye au anaamua kumwacha asimame mwenyewe. Ni nyakati ndogo, nyingine unaweza kudhani ni za kupumzika tu. Mpwa wangu alichagua jibu lililokuwa juu kabisa kwenye orodha, kila mara, ili aendelee mbele. Alikuwa na huzuni ya kweli usiku ule, na mimi nilikuwa na huzuni pamoja naye, kwa sababu jibu langu la "saa mia" lilimfanya aione gemu kama mzigo wa kutua upesi.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: ukitaka kupunguza saa, usizipunguze kwenye maneno. Washa maandishi ya chini, yakuze yasomeke hata ukiwa umekaa mbali na skrini, na usione haya kusimamisha gemu ukatafuta maana ya neno kwenye simu. Gemu hizi hazina Kiswahili. Mimi mwenyewe maneno mengi ya Kiingereza cha mkulima na cha mlevi nimeyapata kule Velen.

Velen ni nchi ya mabwawa na njaa baada ya vita, na kuna baroni anayeitawala, askari wa zamani, mlevi, ambaye mkewe na bintiye wametoweka. Anakuomba uwatafute. Unaanza kumwona kama mnyama, baadaye unasikia upande wake, kisha unasikia wa mkewe, na hujui tena umpe nani haki. Mke wangu alikuwa anachambua mchele nyuma yangu usiku wa kwanza. Usiku wa tatu aliweka ungo chini. Akawa ananiuliza mchana, kwa ujumbe wa simu, kama yule mama amepatikana. Hadithi ile ilituchukua karibu saa 8, wiki nzima na zaidi, na tukabishana kuhusu yule mwanamume hadi tukafika kwenye mambo ya ndoa za watu tunaowajua. Saa hizo 8 sitakubali mtu aniambie nizikate.

Nikuambie basi zipi za kukata. Visiwa vya Skellige. Ukifika huko ramani inajaa alama za kuuliza baharini, makumi kwa makumi, na nyingi ni masanduku ya wasafirisha magendo yaliyozama, yakilindwa na viumbe warukao. Unapanda mashua, unakwenda, unapigana, unazama, unatoa panga lililo duni kuliko ulilonalo. Kisha alama inayofuata. Niliteketeza wiki tatu nzima huko. Baba yangu mdogo, ambaye amevua hapa Mikindani tangu ujana wake, alikuja jioni moja akatazama kwa dakika kumi. "Upepo uko mbele," akasema, "tanga limejaa, na chombo hakibishi, hakiendi kwa kupindapinda?" Akasimama akaenda zake na ming'oko yake mkononi. Mtu aliyesoma pepo za kusi na kaskazi maisha yake yote hakuona bahari pale, na alikuwa sahihi. Ziache alama zile. Hakuna hadithi hata moja ndani yake utakayojutia kuikosa.

Mchezo wa karata uitwao Gwent, uliomo ndani ya gemu, ukikupenda utakula saa kumi au zaidi. Ukitaka karata zote anza kuzinunua kwa wauzaji na kuwashinda watu tangu mwanzo, maana nyingine zikikupita hazirudi. Usipoupenda, pita tu.

Kazi za pembeni zichague kwa leveli, yaani ngazi ya nguvu aliyofikia Geralt. Kila kazi inaonyesha leveli inayofaa, na ikiwa chini yako sana maandishi yake yanakuwa ya kijivu, hapo inakupa ujuzi kiduchu tu. Ukikaa mno vijijini ukamaliza kila kitu, hadithi kuu nayo inakuwa nyepesi hadi maadui wakubwa wanaanguka bila kukutisha. Mimi nilikuwa nafanya hivi: kazi moja ya hadithi kuu, mbili za pembeni, basi. Na kabla ya kwenda kisiwa kiitwacho Isle of Mists, ambako leveli inayopendekezwa ni 22, gemu itakuonya kwamba kazi kadhaa zitafungwa. Onyo lile liheshimu. Rudi nyuma, malizana na watu ulioahidi kuwasaidia, hasa marafiki wa Geralt, ndipo uende. Baada ya mwisho dunia inabaki wazi, unaweza kuzurura, lakini kazi zilizofungwa zimefungwa.

Nyongeza zake mbili, Hearts of Stone ya Oktoba 2015 yenye kama saa 10, na Blood and Wine ya Mei 2016 yenye kama saa 20, zihesabu kuwa ni gemu nyingine. Blood and Wine inataka uwe leveli 34 hivi, kwa hiyo haiharakishwi hata ukitaka. Nimeiwekea wiki nne za mwezi wa Aprili.

Mpwa wangu bado yuko hapa, anasubiri kupangiwa kidato cha tano. Mwezi wa Januari, ghala lilipotulia, tulikaa tukapiga hesabu yake upya: saa mbili kila siku, Ijumaa anapumzika, miezi miwili. Ameanza tena kutoka mwanzo kwa sevu mpya, na ananisomea kwa sauti maneno asiyoyaelewa. Mimi na mke wangu tumekubaliana kutomwambia lolote la mbele. Jana usiku alifika kwenye ukumbi wa baroni, majibu mawili yakatokea kwenye skrini, na mke wangu akamgusa bega kutoka nyuma akamwambia asijibu haraka.